Pikapu mbovu iliyopata kazi mpya

Akina mama, je, mmewahi kukaa na kuhesabu safari zenu za kichwani?

Sisi tulikaa tukahesabu. Tuseme mama anabeba kilo 20 za mahindi kutoka shambani hadi nyumbani. Gunia la kilo 100 litamtaka aende mara tano. Akivuna magunia manane, ni safari arobaini. Shamba likiwa kilometa 4 kutoka nyumbani, kwenda na kurudi ni kilometa 8. Zidisha mara arobaini, utapata kilometa 320. Barabara ya kutoka Sumbawanga hadi Tunduma ina zaidi kidogo ya kilometa 220. Basi mama huyo ametembea hadi Tunduma, akageuka, akarudi karibu kilometa 100 nyingine, na nusu ya mwendo huo wote alikuwa na mzigo kichwani. Hapo hatujagusa kuni, maji, wala safari za mashine ya kusaga. Pengine alikuwa na mtoto mgongoni pia.

Sisi tunaoandika haya ni akina mama watano wa jumuiya moja hapa Kaengesa, katika uwanda wa juu wa Ufipa. Tulifanya hesabu hiyo jioni moja baada ya sala, kwa kijiti, chini mavumbini. Tulipofika kwenye 320 tulicheka, kisha tukanyamaza. Hesabu hiyo ndiyo iliyotupeleka kwenye pikapu ya mume wa mwenzetu.

Gari lililongoja spea

Pikapu hiyo ilikuwa imesimama chini ya mkaratusi kwa miaka sita. Shemeji yetu aliinunua ikiwa tayari imechoka, ikamtumikia misimu miwili, kisha injini ikafa. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Watoto wa kitongoji kizima walijifunza udereva humo bila kusogea hata hatua moja. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja na mizani yao mara tatu, na mara tatu walirudi mikono mitupu.

"Gari halifi," aliwaambia. "Linangoja spea tu."

Tulimwelewa. Kwa misimu ile miwili watu walimwita mwenye gari. Mwanamume akishaitwa hivyo, si rahisi kuona jina lake likipimwa kwenye mizani. Hata hivyo mkewe, mwenzetu, alipita kando ya gari hilo kila siku akiwa na ndoo kichwani.

Siku moja ya mnada mwenzetu mwingine aliona mkokoteni wa ng'ombe, ambao hapa kwetu wengi huuita tela, ukitembea kwa magurudumu ya gari. Haukulia wala kuyumba kama ile ya magurudumu ya mbao. Alirudi na habari hiyo, nasi tukakata shauri la kwenda kuzungumza na shemeji. Mkubwa wetu kwa umri ndiye aliyeanza.

"Shemeji, sisi hatuhitaji injini yako. Tunataka miguu ya nyuma ya gari lako."

"Mnataka kulikata gari langu?"

"Tunataka litembee."

Hakujibu siku hiyo. Baada ya wiki mbili alimwambia mkewe kwamba tukitoa mbao, bolti na malipo ya fundi, yeye atatoa pikapu na maksai wake wawili. Fedha tulizitoa katika upatu wetu. Hatukuandika chochote. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Wengine wamefanya kabla yetu

Huenda mtu akaona ni jambo la ajabu kuunda chombo cha usafiri uani. Si la ajabu. Huko Uingereza, baada ya vita kuu ya pili, watu wengi walinunua magari yakiwa vipande vipande na kuyaunganisha wenyewe nyumbani, kwa kuwa gari lililouzwa vipande halikutozwa ile kodi iliyotozwa gari zima. Gari dogo la Lotus Seven, lililoanza kuuzwa mwaka 1957, lilipata sifa kwa njia hiyo. Wengine walichukua gari kuukuu, wakatoa injini, ekseli na usukani, wakavivisha bodi mpya. Gari la zamani hufa ili jipya lipate viungo.

Na kwetu Afrika Mashariki wamejaribu. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, na mwaka 1990 magari ya Nyayo yakaonyeshwa hadharani, ingawa kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hakikufaulu. Hapa Tanzania tuna Nyumbu, kituo cha jeshi kilichoko Kibaha, kilichounda malori. Mwezi Machi 2022 mchoraji wa katuni Masoud Kipanya alionyesha Dar es Salaam gari dogo la umeme lililoundwa hapa nchini.

Tena Ufipa yenyewe ni nchi ya wafua chuma. Babu zetu walijenga matanuri marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yaliyozidi kimo cha mtu. Moto wake ulivuta hewa wenyewe kupitia matundu ya chini, bila kuvukutwa. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, ndipo mhunzi akafua jembe. Walioandika habari za kazi hiyo wanasema tanuri jipya lilipambwa kama bibi harusi. Majembe ya viwandani yalipozidi kuingia, kazi ikafa, lakini mabaki ya malungu bado yapo, na mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyachunguza kwa miaka mingi huko Nkasi. Basi, mtu wa Ufipa anapogeuza chuma kimoja kuwa kingine hajaiga mgeni.

Kazi ilivyofanyika

Tunaieleza kazi kwa urefu kidogo, maana msomaji mwenye gari bovu uani aweza kuhitaji haya.

Kwanza gari liliinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya magogo manene. Usimruhusu mtu yeyote, mkubwa au mdogo, kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Mtoto mmoja alitambaa humo akifuata kuku wakati jeki ilipoteleza. Magogo ndiyo yaliyobeba gari, naye akatoka na vumbi tu. Mama yake hakuweza kusema neno mpaka jioni.

Pili, injini na giaboksi viliondolewa. Hivyo ndivyo shemeji alivyokubali hatimaye kuwauzia watu wa vyuma chakavu, na fedha yake ikasaidia kumlipa fundi wa kuchomelea. Kisha chesisi ikakatwa kwa msumeno wa chuma nyuma ya kebini. Kilichobaki ni nusu ya nyuma: vipande viwili vya chesisi, springi zake, ekseli, magurudumu mawili na bodi ya mizigo. Sakafu ya bodi ilikuwa imeliwa na kutu, tukaweka mbao mpya.

Tatu, ekseli. Kijana mmoja alishauri shafti za ndani zitolewe ili tela liwe jepesi. Fundi mzee alimkataza, na sababu yake ni ya kukumbuka. Ekseli za nyuma ni za namna mbili. Katika magari mengi mazito gurudumu hukaa juu ya beringi zilizoshikwa na gamba la ekseli lenyewe, na shafti ya ndani hufanya kazi ya kuzungusha tu. Hiyo waweza kuitoa, ukaziba tundu vizuri ili vumbi lisiingie. Lakini katika pikapu nyingi ndogo gurudumu limefungwa kwenye shafti yenyewe, na ncha ya pili ya shafti hiyo inashikiliwa na difu. Ukiitoa, umetoa gurudumu. Yetu ilikuwa ya namna hii ya pili. Kwa hiyo difu lilibaki mahali pake na oili yake, ikaondolewa ile shafti ndefu iliyotoka kwenye giaboksi, na tundu lake likazibwa. Tela likawa zito kidogo, lakini magurudumu hayachomoki.

Nne, mti wa kukokotea. Ni mti mnyoofu wa mkaratusi, urefu wake kama mita 3 kutoka mbele ya bodi, umefungwa kwa bolti kwenye vipande vyote viwili vya chesisi. Hapa kuna siri ya uzani. Mzigo ukikaa sana nyuma ya ekseli, mti huinuka na kuwakaba maksai shingoni. Ukikaa sana mbele, nira inawaelemea. Mzigo ukae juu ya ekseli, ukilemea mbele kidogo tu, kiasi cha mtu mmoja kuweza kuinua ncha ya mti kwa mikono yake.

Tano, breki. Matela mengi hayana breki kabisa, na kwenye mteremko tela huwasukuma ng'ombe kutoka nyuma. Anayejua njia za kushuka kutoka Ufipa kwenda bonde la Rukwa anajua maana yake. Breki ya mguu haikufaa tena, kwa kuwa mabomba yake ya mafuta yalikatwa. Ila breki ya mkono ya pikapu yetu ilivuta magurudumu ya nyuma kwa waya. Fundi aliuleta waya ule mbele, akafunga wenzo wake ubavuni mwa bodi. Anayetembea kando ya maksai anauvuta bila kupanda.

Sita, usiku. Barabara kuu ilipopigwa lami, mwendo wa magari uliongezeka, na dereva hawezi kuona tela jeusi gizani. Tulihifadhi vioo vyekundu vya taa za nyuma, tukaongeza viakisi mwanga vyekundu nyuma na vyeupe mbele. Hata hivyo shauri letu ni moja: jua likizama, tela liwe nyumbani.

Kazi yote ilichukua siku tisa. Siku ya kumi maksai walifungwa nira. Tulileta magunia matano kwa safari ya kwanza na matatu kwa ya pili. Safari arobaini zikawa mbili. Mkubwa wetu alitembea nyuma ya tela mikono mitupu, akasema hajui aiweke wapi.

Tela la nani?

Laiti habari yetu ingeishia hapo. Baada ya mavuno watu walianza kuja kwa shemeji kukodi. Huyu ana matofali, yule ana mchanga, mwingine anapeleka alizeti. Tela lilitoka alfajiri na kurudi jioni. Fedha zilikwenda mfukoni mwake, naye hakuona kosa, kwa kuwa gari lilikuwa lake na maksai walikuwa wake. Tena watu walianza kumwita mwenye tela.

Wiki ya tatu mmoja wetu alikwenda kuomba tela akalete kuni.

"Kuni?" shemeji alishangaa. "Mama, tela ni la kazi."

Alirudi, akachukua kamba yake, akaenda porini kwa miguu kama zamani. Wakati wa kurudi, penye kivuko cha bondeni, aliteleza na mzigo. Kifundo cha mguu kiliteguka, na kwa wiki nne hakukanyaga vizuri. Binti yake aliacha kwenda shule siku kadhaa ili achote maji. Mama huyo alikuwa ametoa fedha ya bolti zilizolishika tela lile.

Tulipokutana jumuiyani hapakuwa na kicheko. Mmoja alitaka fedha zetu zirudishwe. Mwingine alitaka twende ofisi ya kijiji. Aliyekuwa na wakati mgumu kuliko wote ni mwenzetu mke wa shemeji. Akisema upande wetu, nyumbani kutawaka moto. Akinyamaza, amewasaliti wenzake. Alilia, kisha akasema, "Tusimshitaki kabla hatujamwambia."

Akina mama, tulikuwa tumesahau kwamba kweli hatujamwambia. Tulimweleza habari ya mahindi, lakini kuni na maji hatukuzitaja, kwa kuwa hata sisi wenyewe hatukuzihesabu kuwa mizigo. Haya si ya Kaengesa tu. Katika miaka ya 1980 Shirika la Kazi Duniani liliendesha mradi wa usafiri vijijini huko Makete. Wachunguzi wakaona kwamba safari nyingi za familia si za kwenda mjini, bali ni za papo hapo kijijini: maji, kuni, shamba na mashine ya kusaga. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo ilikuwa vichwani mwa wanawake. Na mahali pengi Afrika mkokoteni ukiingia nyumbani hupewa mizigo inayoleta fedha, na ile isiyoleta fedha hubaki kichwani mwa mama.

Tulimwita kaka yake mkubwa, mtu anayeheshimiwa, tukaenda sote kwa shemeji. Mwenzetu mgonjwa aliletwa juu ya baiskeli. Tulipiga tena ile hesabu ya 320, safari hii tukaongeza kuni na maji. Shemeji aliutazama ule mguu uliovimba, akatazama chini. Kaka yake ndiye aliyesema, "Mdogo wangu, kuni unazoota moto wake hazikuja zenyewe."

Jioni hiyo tuliandika katika daftari mambo manne. Siku mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi, tela ni la mizigo ya nyumba zetu tano bila malipo: kuni, maji na mashine. Siku nyingine likodishwe, isipokuwa Jumapili, siku ya watu na maksai kupumzika. Fedha za kukodi zigawanywe mafungu matatu sawa: moja la kutunza maksai na tela, moja la mwenye gari, moja la upatu wetu. Na akina mama wote watano wajifunze kufunga nira na kuvuta breki, ili tela lisikwame kwa sababu baba hayupo.

Mambo ya kupatana kabla ya bolti ya kwanza

Hatuwezi kusema kila kitu kimenyooka. Kuna Jumatano ambazo tela hupotea, na kuna siku za masika ambazo maksai hawapiti bondeni na kamba ya kuni hurudi kichwani. Maksai wenyewe walitushangaa mwanzoni, kwa kuwa hawakuzoea sauti za kike. Mguu wa mwenzetu umepona, ila huuma kukiwa na baridi. Lakini daftari lipo, na fungu la upatu limenunua tairi moja na madaftari ya shule ya watoto.

Kwa msomaji anayetaka kufanya kama sisi, haya ndiyo tunayomwachia:

Hesabuni mizigo yote ya nyumba, hata ile isiyouzwa, tena mbele ya baba wa nyumba. Asiyeijua hesabu hawezi kulaumiwa kwa kuipuuza.

Andikeni nani ametoa nini kabla kazi haijaanza. Kuandikiana hakuvunji udugu, hulinda udugu.

Kagueni ekseli kwa fundi anayeijua, na msiache breki kwa kupunguza gharama.

Pakeni grisi na kukaza nati za magurudumu kila baada ya muda. Beringi iliyokauka hufa safarini.

Msiwapandishe watoto juu ya mzigo. Wengi hujeruhiwa wakati wa kuteremka, tela likiwa bado linatembea.

Anzeni na mzigo mdogo. Maksai pia huchoka, na mnyama aliyeumizwa shingo na nira mbaya hatawafaa msimu ujao.

Chini ya mkaratusi sasa imebaki kebini tupu, na kuku bado wanataga humo. Shemeji amekataa kuiuza. Sisi hatumsumbui kwa hilo. Jumatano iliyopita tulipokuwa tukipakia kuni, alikuja mwenyewe bila kuitwa, akaukagua waya wa breki, akamwambia mkewe avute polepole penye kivuko cha bondeni. Kisha akachukua kamba, akatusaidia kufunga mzigo.